Funza wa BSF kwa kuku wa Dodoma: kabla hujanunua mayai ya nzi, hesabu taka

#1 Fundi Banda

Wakuu, mbukwenyi.

Magrupu ya wafugaji hapa Dodoma siku hizi ni funza asubuhi, funza jioni. Video ya dakika mbili: jamaa kavaa glavu, anachota funza kwa koleo, kuku wanagombania, chini kumeandikwa "sahau dagaa, gharama ya chakula sifuri", halafu namba ya kuagizia mayai ya nzi. Mimi nafuga kuku wa mayai upande wa Veyula. Funza ninao na sina mpango wa kuwaacha. Ila hiyo sifuri naomba tuikalie kikao, maana kuna watu wanachomoa hela za vikoba kununulia mayai ya nzi na hawajui taka watazitoa wapi.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anaisikia mada: tunamzungumzia nzi askari mweusi, BSF, wengine wanamwita nzi chuma. Jina la kitaalamu ni Hermetia illucens. Ni mweusi, mrefu kidogo, ukimwona haraka unadhani nyigu. Haumi, wala hatui kwenye wali wako, kwa sababu akishakuwa mkubwa hahitaji kula. Anakunywa maji tu na kuishi kwa mafuta aliyojiwekea alipokuwa funza. Anaishi wiki moja hivi, anapandana, jike anataga mayai 400 mpaka 800 kwenye mwanya mkavu ulio karibu na kitu kinachooza, anakufa. Mayai yanaanguliwa baada ya siku nne hivi. Funza wanakula siku 12 hadi 18 kutegemea joto na chakula, kisha wanaanza kugeuka kutoka weupe wa maziwa kwenda kahawia mpaka weusi, wanaacha kula na kutambaa wenyewe kutafuta pakavu. Wale weupe ndio wa kulisha. Weusi ngozi imeshakomaa, waache wawe mbegu.

Lishe yake si porojo. Funza aliyekaushwa ana protini karibu asilimia 40, na mafuta yanaweza kufika 30 na kupita, kutegemea alikula nini. Kalisi pia anayo nyingi. Dagaa mkavu safi, asiyechanganywa na mchanga wa ziwani, yupo juu yake, asilimia 55 na kuendelea. Mashudu ya soya yanacheza kwenye 44. Kwa hiyo kazi ya funza kwenye chakula ni ile ya dagaa na soya. Kazi ya mahindi na pumba haiwezi, usimpe.

Sasa hesabu. Kuku wa mayai mmoja anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuku 200 ni kama kilo 23. Ukitaka funza wakavu wawe asilimia 5 ya chakula hicho, unahitaji kilo moja na ushee kila siku. Funza mbichi theluthi mbili yake ni maji, kwa hiyo hiyo kilo moja na ushee inatoka kwenye kilo tatu na nusu za funza wabichi. Na kilo 100 za taka mbichi zinakupa funza wabichi kilo 15, ukiwa mzuri 20. Piga mwenyewe: kilo 20 za taka kila siku ya Mungu, Jumapili na Idi zikiwemo, ili upate asilimia tano tu. Zile 95 bado unazinunua. Sifuri iko wapi?

Halafu kuna Dodoma yenyewe. Hawa wadudu wanapenda joto la nyuzi 27 hadi 30 na hewa yenye unyevu. Joto tunalo. Unyevu ndio kasheshe: mvua yetu ni milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote inamwagika kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei upepo unakausha kila kitu. Mayai ya nzi yakikauka hayaanguliwi, hata kama uliyanunua kwa dhahabu. Chakula cha funza kinatakiwa kiwe na maji kama asilimia 70. Ukikikamua kwa kiganja, matone machache yapenye vidoleni. Kikikauka juu wanajichimbia chini na kudumaa, kikizidi maji wanatoroka. Na maji yenyewe mnajua yanavyotoka kwa mgao. Ndiyo maana mimi situmii maji ya bomba kulowesha. Natafuta tikiti zilizopasuka na nyanya zilizooza sokoni, nachanganya na pumba, unyevu unatoka humohumo.

Faida moja ya ukame huu: kukausha. Wenzetu wa pwani wanahangaika na mashine, sisi jua la Septemba na upepo wake vinamaliza kazi bure. Wachovye kwenye maji yanayochemka dakika chache kwanza, ili wafe haraka na vijidudu vipungue, kisha watandaze kwenye turubai chini ya chandarua.

Karibuni tuongee. Wenye taka tusemeni zilipo.

#2 kijana_wa_AreaC

Nipo kikaoni, napiga kambi. Nikitoka nasoma kwa utulivu.

#3 Mzee wa Mnadani

Fundi Banda, hujambo mwanangu. Haya mnayoyaita mapya wazee wetu waliyafanya bila video. Unachukua kibuyu kilichopasuka au chungu kibovu, unajaza mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya mtama, unalowesha, jioni unakifunika juu ya njia ya mchwa. Asubuhi unakung'uta mbele ya vifaranga. Vifaranga vilikua, na hatukujua neno protini. Hao kuku wa Singida mnaosifia Dar, unadhani walikulia pellet?

Swali langu: kwa nini msiendelee na mchwa?

#4 Fundi Banda

Mzee wangu, shikamoo. Mchwa kwa vifaranga ishirini ni mpango mzuri na hauna gharama, hata leo nawaambia watu wa vijijini wasiuache. Tatizo ni idadi. Mchwa unawawinda, huwafugi. Kichuguu kina malkia wake mmoja na kinakua polepole. Ukikitegea kwa ajili ya kuku 200 unakimaliza, unahamia kingine, mwishowe unazunguka pori zima na chungu mkononi. BSF unashika mzunguko wake wote, kuanzia yai mpaka yai.

#5 Mzee wa Mnadani

Marahaba. Hapo nimekuelewa.

#6 Mashudu_Kibaigwa

Mimi naona mnajitesa. Tupo kwenye ukanda wa alizeti. Kuanzia Singida mpaka Kongwa vinu vya kukamua vimejaa, mashudu yapo ya kumwaga baada ya mavuno. Mashudu ni protini. Dagaa atoke Mwanza alipiwe lori, funza afugwe kwa taabu, wakati mashudu yapo mlangoni? Kuku wangu wanakula mashudu na pumba, wanataga.

#7 Mkadiria Chakula

Mashudu_Kibaigwa, wanataga asilimia ngapi, yaani kwa kuku mia unaokota mayai mangapi kwa siku? Siulizi kwa ubaya.

Nafanya kazi ya kupanga vyakula vya mifugo, ngoja niseme kidogo, maana hapa ndipo funza anapopata maana hasa kwa kanda yetu, kuliko hata kwenye hizo habari za mazingira.

Protini siyo kitu kimoja. Ni mkusanyiko wa amino asidi, na kuku akikosa moja tu, zilizobaki hazimsaidii, anazichoma kama nishati ghali. Mbili zinazokosekana haraka kwenye chakula cha kuku ni laisini na methionini. Mashudu ya alizeti yana methionini nzuri ila laisini yake ni ndogo. Mahindi nayo laisini yake ni haba. Kwa hiyo anayelisha mahindi, pumba na mashudu peke yake ana tundu lilelile pande zote. Sasa funza wa BSF ni kinyume: laisini yake ni nzuri, methionini ndiyo inayopwaya. Ukiwakutanisha kwenye beseni moja, kila mmoja anaziba tundu la mwenzake. Soya ukiikuta Dodoma imeshasafiri, bei yake unaijua.

Jambo la pili ni nyuzinyuzi. Mashudu ya vinu vyetu vidogo yanakamuliwa na maganda yake. Ukimjaza kuku mashudu anashiba nyuzi kabla hajapata anachohitaji. Kuna kiwango ukikipita mayai yanapungua.

Kwa kuku wa mayai, kilo 100 za kuanzia naweza kuzipanga hivi: mahindi yaliyoparazwa 48, pumba 12 na nusu, mashudu ya alizeti 20, dagaa 5, funza wakavu waliosagwa 5, chokaa ya mifugo 8 na nusu, na kilo moja inayobaki ni chumvi, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) na methionini. Protini inaangukia 16 hivi. Hapo umepunguza dagaa kwa karibu nusu ukilinganisha na wengi wanavyochanganya mtaani. Usiniulize kwa nini sikumtoa dagaa wote: sijui funza wako walikula nini. Funza wa maganda ya matunda na funza wa pumba ya mahindi hawalingani, hasa kwenye mafuta. Peleka sampuli TVLA, maabara ya mifugo ya serikali, wakupimie, ndipo usogeze namba. Na dagaa wako pia wapime, au angalau watupie kiganja kimoja kwenye ndoo ya maji uone mchanga utakaobaki chini.

Kwa kuku wa nyama usipite asilimia 10. Wakizidi hapo ukuaji unaanza kusuasua.

#8 Mashudu_Kibaigwa

Asilimia sikupima mkuu. Ila hapo kwenye laisini umenifunga mdomo. Uza premiksi basi tuelewane.

#9 Mkadiria Chakula

Siuzi kitu humu.

#10 mama_vifaranga

Mimi nakaa Chang'ombe, kiwanja chenyewe ni kile cha kupeana salamu dirishani. Jirani alishatishia kwenda kwa mtendaji kwa ajili ya harufu ya kuku, nikimletea na nzi si atanihamisha? Mabaki napata kwa mama lishe wawili, ndoo moja moja kila jioni.

#11 Fundi Banda

Dada, harufu inatoka kwenye taka zilizozidi, funza wenyewe hawanuki. Wakipewa kiasi wanachoweza kumaliza kwa siku mbili, beseni linanuka kama udongo uliolowa. Ukimwaga ndoo nzima juu ya funza wachache, inaoza kabla hawajaifikia, na hapo ndipo nzi wa kawaida wanakuja kutaga. Jirani akiona hao, hawezi kutofautisha na wako. Anza kidogo, funika na chandarua, na mabaki ya mama lishe yachuje: mchuzi na mafuta vikizidi beseni linakuwa uji. Changanya na pumba.

Kitu kingine, sisimizi. Chang'ombe yote mna sisimizi. Meza ya mabeseni iweke miguu kwenye makopo yenye maji na oili chafu kidogo. Usiku mmoja bila hayo makopo unakuta mabeseni matupu.

#12 mama_vifaranga

Na mijusi?

#13 Fundi Banda

Chandarua, dada. Na panya vilevile. Kila kiumbe Dodoma kinajua thamani ya protini isipokuwa sisi wenye vikoba.

#14 Mkulima wa Chemba

Swali la msingi kwangu. Huku kwetu mahindi yanapata ukungu ghalani, mengine tunatupa. Tangu ile 2016, watu walipougua na kufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, hakuna anayethubutu kuyapeleka mashineni. Kuku nao tunaambiwa tusiwape. Je, funza wakila hayo mahindi, sumu inabaki?

#15 Mkadiria Chakula

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu.

Kwa aflatoksini, yaani hiyo sumukuvu ya mahindi, majaribio ya maabara yameonyesha kwamba BSF hawaikusanyi mwilini. Waliwekewa chakula chenye aflatoksini, wakaishi vizuri, na walipopimwa sumu mwilini mwao haikuonekana au ilikuwa ndogo sana. Hiyo ni habari njema, na ndiyo inayofanya watu wa kanda yetu wamtazame huyu mdudu kwa jicho jingine.

Lakini kuna "lakini" tatu. Ya kwanza, funza unayemvuna ana mabaki ya chakula tumboni na kwenye ngozi. Usipomwacha siku nzima bila chakula atoe uchafu, kisha ukamwosha, unamlisha kuku yale mahindi yenyewe. Ya pili, mabaki ya besenini ambayo watu wanayaita mbolea bado yanaweza kuwa na sumu. Usiyageuze chakula cha nguruwe. Ya tatu ni kwamba maabara walijua kiasi walichoweka. Wewe huku ghalani hujui. Kwa hiyo mimi kwa kuku wa mayai ambayo mtoto wangu atakula sitatumia mahindi yenye ukungu mpaka niwe na mahali pa kupima funza wangu.

Na metali nzito ni hadithi tofauti kabisa. Kadimiamu funza anaikusanya mwilini. Taka zilizokaa na betri, rangi, vumbi la gereji, usiguse. Kuna mtu alikuwa anaongelea kwenda kuchota kule dampo la Chidaya. Msifanye hivyo. Chota sokoni, kabla taka haijachanganywa na kitu kingine.

#16 Mkulima wa Chemba

Ubarikiwe. Basi yale mahindi yanaendelea kufukiwa.

#17 mzabibu_hombolo

Mimi ni mkulima wa zabibu, na nina mabwawa mawili ya samaki. Viwanda vya mvinyo vikishakamua vinabaki na machicha, maganda na mbegu, marundo kwa marundo msimu wa Februari na Machi na ule wa Agosti, Septemba. Nilidhani nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Nikawawekea funza machicha matupu. Wanaishi, ila wembamba, hawanenepi kabisa. Mwenye uzoefu?

#18 Fundi Banda

Machicha ya zabibu yana mbegu nyingi na ile asili ya kukaza ulimi. Peke yake ni chakula cha kumfanya mtu asife. Tumia kama theluthi moja ya mchanganyiko, iliyobaki iwe pumba au mabaki ya jikoni. Yanasaidia sana kulegeza beseni lililolowa, hewa inapita. Na yamwage mapema, kabla hayajachacha yakanuka siki.

Samaki gani?

#19 mzabibu_hombolo

Sato na kambare. Kambare ni mlafi, funza wabichi anawamaliza. Sato nampa waliosagwa kwenye chakula. Shida ni mafuta: nikisaga funza wakavu wanagandamana kwenye kinu, unga unakuwa kama siagi ya karanga.

#20 Mkadiria Chakula

Wasage pamoja na pumba, nusu kwa nusu, pumba inanyonya mafuta. Wenye viwanda wanakamua mafuta kwanza, ndiyo maana unga wao unafika protini ya juu kuliko wetu. Ukipata fundi wa vile vinu vya kukamulia alizeti akakubali kukamua funza wako, utakuwa na mashudu ya funza na mafuta ya kuchanganyia chakula. Wengi watakufukuza, wanaogopa wateja wao wa mafuta ya kula, na wana haki.

Unga wenye mafuta usiuweke zaidi ya wiki chache kwenye joto hili. Unachacha, na kuku hawaupendi, samaki ndiyo kabisa. Hifadhi funza wakavu wazima, saga unachotumia.

#21 Ustadh Nkuhungu

Assalaam alaykum. Kuna waumini wananiuliza kuhusu kuku wa funza, kama nyama yake ina shaka. Wataalamu mnasemaje, hao funza wanalishwa nini?

#22 Fundi Banda

Waalaykum salaam Ustadh. Wangu wanakula matunda na mboga za sokoni, pumba, na mabaki ya mama lishe. Hakuna kinyesi wala damu ya machinjio. Wapo wanaotumia samadi ya nguruwe, wewe mwulize kila mfugaji chanzo chake. Hukumu yenyewe nawaachia ninyi wenye elimu hiyo.

#23 Ustadh Nkuhungu

Jibu zuri. Kuku wa kienyeji tangu zamani anaparua wadudu na hatukumkataza mtu. Mnyama anayekula najisi kwa wingi ndiye fiqhi inataka azuiwe na alishwe kisafi kwanza kabla ya kuchinjwa. Ukiwalisha matunda umeniondolea kazi.

#24 Ng'ombe Kwanza

Ninyi watu wa kuku mnajipendelea. Mbuzi na ng'ombe wa maziwa wangu wapewe lini hao funza?

#25 Mkadiria Chakula

Wasipewe. Ng'ombe na mbuzi wana tumbo la kucheua, wanajitengenezea protini kutokana na majani, na tangu ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulipoitikisa Uingereza, sheria za Ulaya zinakataza kuwalisha protini ya wanyama. Funza ni mnyama. Hao wape mashudu, ndiyo stahili yao.

#26 Ng'ombe Kwanza

Sawa, Mashudu_Kibaigwa nakuja inboksi.

#27 dili_tu

Wakuu tuache ushamba, pesa ipo kwenye kusafirisha nje. Ulaya wanataka funza. Kenya wameshatoka zamani. Tuunganishe vikundi, tupeleke kontena.

#28 Fundi Banda

Mkuu, taratibu. Ni kweli Ulaya waliruhusu protini ya wadudu kwenye chakula cha samaki 2017, na kwa kuku na nguruwe 2021. Lakini soma masharti: funza anayeingia huko ni lazima awe amelishwa vitu vilivyoruhusiwa. Mabaki ya jikoni hayaruhusiwi. Samadi hairuhusiwi. Nyama ndiyo usiseme. Yaani ile taka ya bure inayofanya hesabu yako ikubali hapa Dodoma ndiyo hiyo inayokufungia mlango kule. Ukitaka kuwalisha nafaka safi ili uuze Ulaya, unagombania mahindi na binadamu kwenye soko la nafaka la Kibaigwa. Kenya nao waliweka kiwango chao cha wadudu wakavu wa kuchanganyia chakula cha mifugo mwaka huohuo wa 2017, kwa hiyo mnunuzi wao anajua anachokidai. Na sisi tuna sheria ya vyakula vya mifugo ya 2010. Ukianza kuuza unga wa funza kwenye mifuko yenye jina lako, wewe siyo mfugaji tena, ni mtengenezaji wa chakula, jisajili.

Nilikwambieni kuhusu kware? Mnakumbuka yai la kware lilivyopanda bei, kila mtu ana tundu la kware, na baada ya muda kware wanaliwa kwa sababu hakuna mnunuzi. Waliotajirika ni waliouza vifaranga mwanzoni. Ninapoona mtu anauza mayai ya nzi ila haoni haja ya kufuga kuku hata mmoja, najiuliza.

#29 dili_tu

Unakatisha watu tamaa mkuu.

#30 mama_vifaranga

Hakatishi, anahesabu. Mimi hizo gramu 120 kwa kuku nilikuwa sizijui.

#31 Kondoa_Kijani

Hamjagusa mbolea. Kilo 100 za taka zikiingia, mabaki yanayotoka mwisho ni kilo 25 hadi 35 za kitu cheusi kilaini. Bustani ya mchicha inakipenda. Ila kisiende shambani siku hiyohiyo, bado kina moto. Kiache kikomae wiki kadhaa chini ya kivuli, ukikilowesha mara mojamoja. Kwa hesabu ya Fundi Banda ya kilo 20 kwa siku, huyo mtu ana kilo tano hadi saba za mbolea kila siku pembeni. Mwenye zabibu Hombolo hapo juu naona amekaa kimya.

#32 mzabibu_hombolo

Sijakaa kimya, naweka kwenye mashina. Ndiyo sababu hasa bado nina funza, kuliko samaki.

#33 Fundi Banda

Hapo umesema jambo ambalo kwenye video halimo. Kwa wengi wetu hesabu inakubali pale tu funza, mbolea na kutolipia kuzoa taka vinapowekwa kwenye daftari moja. Ukimhesabu funza peke yake dhidi ya dagaa, siku dagaa akishuka bei unafunga banda.

#34 Mwalimu Mpwapwa

Naomba kuuliza kuhusu baridi. Mwezi wa Juni na wa saba huku kwetu usiku kunapoa sana, nzi waligoma kabisa kutaga na mayai machache niliyopata hayakuanguliwa. Nikadhani mbegu mbaya.

#35 Fundi Banda

Mwalimu, mbegu haina kosa. Usiku wa Julai hapa unashuka nyuzi 13 au 14, na hewa kavu juu yake. Funza wenyewe wanavumilia, kwa sababu wakiwa wengi kwenye beseni moja wanatoa joto lao. Ongeza kina cha chakula, funika na magunia, watachelewa tu siku kadhaa. Wanaoumia ni mayai na nzi wakubwa. Mayai yalaze ndani ya nyumba kwenye kopo lenye mfuniko uliotobolewa, juu ya kitambaa chenye unyevu ila yasikiguse. Chandarua cha nzi kielekee mashariki: wanapandana kwenye mwanga, na kwa baridi ile jua la asubuhi ndilo linalowaamsha. Mchana weka kivuli, tundika gunia bichi upande upepo unakotokea.

Na zile pupa (wale weusi waliotulia wakisubiri kuwa nzi), usiziache zote zitoke kwa pamoja. Sehemu weka mahali pa baridi zaidi, zinachelewa kutoka, ili kundi moja likifa uwe na jingine nyuma yake.

#36 Mwalimu Mpwapwa

Nashukuru. Na vijana wa chuo cha mifugo hapa kwetu nitawaonyesha hili la upepo.

#37 kijana_wa_AreaC

Kikao kimeisha, nimesoma yote. Nina kuku 30 tu uani, chotara. Nianze au niache?

#38 Fundi Banda

Anza, wewe ndiye hasa unayefaa. Kuku 30 wanakula kilo tatu na nusu kwa siku. Nusu kilo ya funza wabichi kwa siku inawatosha kama nyongeza, huhitaji kusaga wala kukausha, na taka zake ni kilo tatu. Usinunue mayai ya nzi. BSF wa porini wapo, mvua zikianza Desemba wanakuwa wengi. Chukua ndoo yenye mfuniko, toboa matundu ya hewa, weka mabaki ya matunda na pumba iliyolowa, juu yake ning'iniza vipande vya boksi vyenye mikunjo. Wanataga kwenye ile mikunjo. Kwa sasa mpaka Desemba kazi yako ni kutafuta hizo kilo tatu zisizokosa.

#39 kijana_wa_AreaC

Mama lishe ninayekula kwake ana mtu wa nguruwe, anachukua kila kitu saa kumi.

#40 mama_vifaranga

Jaribu wauza matunda wa Sabasaba, kabla kirikuu cha taka hakijapita. Mimi wa kwangu wananipa maganda ya tikiti, ila lazima ufike na ndoo yako, na ukikosa siku moja wanampa mwingine.